Kiriba Kinarudi Bustanini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita. Nilikuwa nimeteremka kwa miguu kutoka kijijini kwetu, juu ya Matombo, na jembe la mama begani. Bustani ya miche ya serikali ilikuwa bondeni, kando ya mto, na mkubwa wake tulimwita Bwana Miti, kama wanavyoitwa maofisa misitu wote huku kwetu.

“Shikamoo, Bwana Miti. Natafuta kazi.”

“Marahaba. Umesoma mpaka darasa la ngapi?”

“La tatu.”

“La tatu! Hata kuhesabu mpaka mia hujui.”

“Nijaribu.”

Akanitupia rundo la viriba. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, kiriba ni kimfuko cheusi cha plastiki chenye matundu, kinajazwa udongo na mche unakulia humo. Nikajaza mbiombio, nikavipanga, nikajiona fundi. Bwana Miti akachukua kimoja, akakibonyeza kwa dole gumba, kikakunjika kiunoni.

“Hiki kina hewa tumboni. Mzizi ukifika hapa unakauka. Nenda nyumbani, binti.”

Sikwenda. Alipogeuka nilimwaga vyote, nikaanza upya: jaza kidogo, gonga chini mara tatu, jaza tena, gonga tena. Saa nane akanikuta palepale, matope mpaka kwenye nyusi. Alibonyeza kimoja, akabonyeza cha pili. Hakusema pole wala karibu. Alisema, “Kesho saa moja uwe hapa.” Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira. Nyingine sijawahi kupata.

Kazi nilijifunza kwa mikono. Udongo wa msituni ndoo tatu, samadi iliyooza ndoo moja, mchanga wa mto ndoo moja, chekecha. Mbegu unazisia kwenye kitalu, na zikishatoa majani mawili unahamishia kila mche kiriba chake, chini ya kivuli cha makuti. Mwezi wa mwisho unapunguza makuti kidogo kidogo ili mche uzoee jua. Mche usiozoeshwa jua ni kama mtoto aliyelelewa na bibi, ukifika shambani unalia.

Bwana Miti alikuwa na sheria moja iliyotuchosha kuliko zote. Tukipanda mlimani na miche kichwani, kila mmoja wetu alitakiwa kurudi na viriba. Unalowesha udongo, unaubana kwa viganja, unavua kiriba taratibu bila kukichana, unapanda mti, kiriba unakikunja kibindoni. Jioni alisimama langoni.

“Mti unabaki mlimani,” alikuwa anasema, “kiriba kinarudi bustanini.”

Tulimcheka kwa siri. Mwenzangu mmoja alisema, “Huyu bwana angeweza, angetudai mpaka matope ya miguuni.” Sababu hakutueleza, na sisi hatukuuliza. Mimi nilidhani ni ubahili tu wa serikali. Viriba vilivyorudi tuliviosha mtoni, tukavianika kwenye kamba kama soksi, tukavitumia tena mpaka vichakae.

Baadaye nilikwenda mjini Morogoro, kwenye mradi wa kupanda miti, nikawa nyapara, yaani msimamizi wa vibarua. Mkubwa wetu alikuwa Mama Mratibu, mwanamke wa kalamu na makaratasi. Nilipomuuliza habari ya kukusanya viriba, alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za ng’ombe.

“Felista, mimi naandika miche iliyopandwa. Viriba vina kazi gani?”

Nikafuata. Ndivyo nilivyoisahau sheria ya Bwana Miti, na kosa hilo sitamtwisha Mama Mratibu. Kichwa ni changu.

Mradi ulipokwisha nikarudi nyumbani, nikaanzisha bustani yangu karibu na Mkuyuni, kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo hapakuwa na mwanaume wa kuniuliza nalima nini. Kilichokosekana ni viriba. Dukani vilikuwa ghali. Lakini mifuko ya rambo, ile laini ya kubebea vitu vya sokoni, ilizagaa kila mahali. Mitaro ya Mwembesongo, kule mjini Morogoro, ilikuwa imeziba kwa rambo. Nikawa naiokota, naiosha, naitoboa kwa msumari, naijaza udongo. Watu walinisifu, nami nilijisifu zaidi yao. Nilisafisha mji, nikaotesha miti, na shilingi sijatoa!

Tena rambo ilikuwa na mikono. Mwanamke alining’iniza miche mitatu huku, mitatu huku, akapanda mlima bila kusaidiwa. Wateja walikuja mpaka kutoka vijiji vya nyuma ya mlima.

Mmoja wao alikuwa kaka Anselmi. Si ndugu yangu wa damu, ni mkubwa wangu tu kanisani na kijijini, mkulima asiyezungumza mara mbili. Alinunua mikarafuu arobaini. Shamba lake ni mteremko mtupu, na alitaka zao la kumtunza uzeeni.

“Nyapara, wakati wa kupanda nivue mfuko?”

“Ukivua udongo utamwagika kwenye mteremko ule. Toboa chini, fukia nao. Rambo ni laini kama ganda la kitunguu, mizizi itaichana yenyewe.”

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema kwa sauti, kwa uhakika, mbele ya watu.

Mikarafuu ilishika, ikapendeza. Mwaka wa sita, mwaka ambao mkulima anaanza kuchungulia vikonyo vya karafuu za kwanza, ikaanza kuwa ya njano. Ukaja upepo, si mkali, ikalala kama watu waliochoka. Siku ya gulio, bustani imejaa wateja, Anselmi akaja na kisiki cha mkarafuu begani, akakitua miguuni pangu.

“Felista, mali yako hii. Nimeirudisha.”

Shikamoo yangu hakuiitikia. Nikainama. Rambo ilikuwa nzima, hata buluu yake haijafifia, mikono yake bado imesimama. Ndani mizizi ilikuwa imezunguka, imezunguka, imejikaza kama kata ya kubebea ndoo. Mti ulikuwa umejinyonga wenyewe.

“Labda ni jua la mwaka huu,” nikasema.

“Jua limevaa rambo?”

Wateja wakacheka. Mimi siku ile ningeweza kung’ang’ania. Nina mdomo, wanaonijua wanajua. Lakini nilimkumbuka yule bwana langoni anayekusanya viriba, na miaka yote hiyo niliyomwita bahili. Nikasema mbele ya wote, “Kaka Anselmi, kosa langu. Nilikuambia kitu nisichokijua.”

“Nimekuwa mzee nikingoja miti hii,” akajibu, akaondoka.

Wateja wakatawanyika mmoja mmoja, hata mche hawakununua. Hapo nilijua kwamba nisipofanya kitu, hakuna mtu wa milima hii atakayefukia tena kitu kilichotoka mikononi mwangu.

Nilifunga bustani miezi mitatu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa kila niliyemuuzia, na jembe na kisu. Miti michanga tulifukua pembeni, tukachana rambo, tukakata mizizi iliyojizungusha, tukarudishia udongo na samadi. Mingi ilipona. Iliyokufa niliahidi kuilipa kwa miche mipya, mti kwa mti. Shambani kwa Anselmi, miche ilipokuwa tayari, nilipeleka arobaini kamili, kila mmoja nimeuvua kiriba kwa mkono wangu mbele ya macho yake. Alinichimbia mashimo.

Rambo sikuigusa tena. Kwa miche ya haraka, kama mipapai, nikatumia magome ya mgomba: unakunja vipande viwili vikavu msalaba, unabana kwa kijiti, unajaza udongo. Hilo unapanda nalo, linaoza, mizizi inapita. Mara ya kwanza nilitumia magome mabichi, yakaoza kabla ya mche kukua, nikapoteza kitalu kizima. Ndiyo shule yangu. Mkarafuu unakaa bustanini zaidi ya mwaka, gome haliwezi kuungoja. Huo nikaupa kiriba kizito cha dukani, na sheria ya Bwana Miti. Mteja anakuja na kikapu au tenga lake, na asiyenirudishia viriba hapati mche mwingine, hata awe katekista.

Haukupita muda serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Wenye bustani wenzangu, waliootesha kwenye rambo kama mimi zamani, walishika vichwa. Wakaja, wengine walionicheka siku ya gulio, nikawaonyesha kukunja magome. Leo mitaro ya Mwembesongo inapumua. Nisiwadanganye, vile vifuko vyepesi vya kufungia karanga bado naviona vikiruka. Lakini wanangu hawabebi tena rambo, na wajukuu wanabeba vikapu bila kuambiwa.

Magoti yaliponikatalia kuchuchumaa, bustani nilimwachia Yustina, binti wa dada yangu. Ana cheti cha kilimo. Siku ya kwanza nilibonyeza viriba vyake kwa dole gumba, nikavimwaga vitatu. Alinuna, akajaza upya. Nikajua atafaa. Kisiki cha Anselmi kinaning’inia mlangoni, na rambo yake. Sababu ya sheria, kwamba kiriba kilichorudi hakikubaki ardhini kuunyonga mzizi, Yustina anamweleza kila kibarua mpya, kwa sababu sheria isiyoelezwa husahaulika.

Msimu uliopita nilikuwa nimekaa barazani, nikamwona Anselmi anashuka, fimbo mkono mmoja, kikapu mkono wa pili. Tangu siku ya kisiki hakuwa amekanyaga kwangu.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, nyapara.” Akatua kikapu. Karafuu mbichi, za kwanza, harufu ikajaa baraza lote. “Zako hizo. Zianike vizuri.”

Machozi yalinijia, nikayasingizia harufu. Nikanyanyua kikapu niingie nacho ndani.

Akanyoosha fimbo, akanizuia mlangoni.

“Kikapu kinarudi.”

Nikamimina karafuu kwenye kanga, nikampa kikapu chake.