Maji ya Mfereji Kwenye Rediata

Aibu hii sijawahi kuieleza mwanzo mpaka mwisho. Kila nikianza huishia pale watu wanapocheka, maana ina sehemu zake za kuchekesha, sikatai, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiisimulia hivyo hivyo kwa kicheko mpaka siku moja nikajiona nasema uongo. Leo nitaieleza yote. Ibra ni mji mdogo huku Oman, na wapo wanaume pale ambao nikikutana nao msikitini hunipa mkono huku wanatazama pembeni, si kwa chuki, wananistahi tu, na huko kunistahi ndiko kunakoniuma.

Nilikuwa na pikapu nyeupe ya milango minne, kuukuu kidogo lakini nguvu inazo, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Sasa Hilal, mtoto wa marehemu kaka yangu, akaposa huko mlimani Jabal Akhdar, na kwa kuwa baba yake hayupo ikawa mimi ndiye baba, mimi ndiye wa kuongoza msafara na kubeba zawadi za bibi harusi. Ilikuwa katikati ya msimu wa baridi. Mlima ule si mchezo, huku chini Ibra baridi yenyewe ni ya kujitanda shali asubuhi na kuivua saa nne, lakini kule juu maji yanaganda kwenye ndoo, na askari walioko chini ya mlima hawakuruhusu upande kama gari yako haivuti kwa magurudumu manne.

Basi nikaitayarisha pikapu (na nilihakikisha kila mtu anajua kuwa naitayarisha). Nikatia tairi mpya zote nne, nikabadilisha breki, nikatia vifuta-mvua vipya na taa za ukungu, nikashonesha turubali la kufunika mizigo. Fundi wangu wa gereji, Bashir, mtu mpole kutoka Pakistani, siku ya mwisho akafungua boneti, akafungua kifuniko cha rediata, akachovya kidole, akakinusa. Akaniambia kwa kile Kiarabu chake cha gereji, "Haya maji ya mfereji, Nasser. Kule yataganda. Niachie gari mpaka kesho, nisafishe, nitie dawa ya baridi."

Alisema kweli, maana mpira mmoja wa rediata ulikuwa ukivuja tangu kiangazi na mimi badala ya kuutengeneza nilikuwa kila wiki nafungua mfereji wa uani, navuta mpira ule ule wa kumwagilia mlimau, najaza, nafunga, naenda zangu kazini. Nikamwambia Bashir kuwa hii Oman, si Urusi, baridi ya siku mbili haiwezi kukishinda chuma. Akafuta kidole. Na mkitaka sababu khasa ya kutoiacha gari mpaka kesho yake, ni kwamba jioni ile nilitaka watu wa barazani waone tairi mpya. Hiyo tu. Hakukuwa na sababu nyingine.

Asubuhi ya safari nikapita kwa shangazi yangu, Bi Raya, kumuaga. Huyu ndiye aliyenilea. Mama yangu alikufa nina miaka minne, na Bi Raya, aliyekuwa amerudi kutoka Unguja na mumewe na begi moja, akanichukua akanilea pamoja na binti yake Salha, na mpaka uzee wake Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini cha zamani, ukikosea neno anakurudisha nyuma ulitamke upya. Alikuwa na kikohozi cha wiki mbili na miguu haimchukui, kwa hivyo harusini hawezi kwenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama nilivyojifunga kilemba na jambia ya fedha kiunoni, akanambia nimependeza lakini nimevaa kama ninayekwenda sokoni Nizwa, siyo mlimani, nitafute sweta. Nikacheka nikaondoka. Sikuvaa sweta, maana lingeharibu kanzu.

Wasichana wa nyumbani walikuwa wameipamba pikapu kwa utepe mweupe na maua ya plastiki mbele mpaka nyuma. Tulipanda mlima magari saba, mimi mbele, nayo ikapanda vizuri kabisa, kila kona nikisema moyoni Bashir angekuwepo aone. Tukafika kijijini kwa wakwe, na hapo nikafanya kosa la pili. Nyumba yao iko ndani ya kichochoro cha mawe kinachoteremka, upande mmoja ukuta, upande mwingine falaji, ile njia ya maji inayokwenda kwenye makonde yao ya makomamanga, na mlango wa kichochoro ni huo mmoja. Wenzangu waliingia ndani kabisa wakaegesha kwenye uwanja. Mimi, baada ya kushusha zawadi, nikairudisha pikapu nikaiegesha mdomoni mwa kichochoro ili anayepita barabarani aione.

Ndoa ikafungwa baada ya alasiri, tukala, na magharibi wenzangu wote wakashuka pamoja na Hilal (nilisogea kuwapisha, kisha nikarudi pale pale). Mzee Saif, baba wa bibi harusi, akanishika mkono mimi, akasema mkubwa wa msafara haondoki usiku, na kesho kuna chakula cha mchana cha jamaa zake. Nikalala.

Alfajiri nilipokwenda kutawadha majani yalikuwa meupe na mfereji wa msikitini umeganda. Nikaikumbuka rediata, nikajiambia chuma ni chuma. Saa moja na nusu Salha akanipigia simu. Alisema mama usiku kucha hakulala, pumzi inampa tabu, daktari amekuja na ameondoka, na mama anakuulizia wewe. "Njoo, kaka," akasema. Nikamwambia kabla ya adhuhuri nitakuwa nipo.

Nilipotoka jamaa za mzee Saif walikuwa washafika, wanaume kama ishirini wamekaa juani wanakunywa kahawa, na magari yao yote, pamoja na gari ya mzee Saif, yako ndani uwanjani, nyuma ya pikapu yangu, maana kwa adabu waliingia kwa kubanabana wasinisumbue. Nikawaeleza nina mgonjwa, wakasimama wote kuniaga. Kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa na barafu nyembamba. Mimi kwa haraka yangu nikachukua birika la maji ya moto nikalimimina juu ya kioo, na kabla mzee mmoja hajamaliza kusema "usifanye", kioo kikapasuka mstari mmoja kutoka pembe mpaka pembe. Watu wakatazama vikombe vyao.

Nikasema si kitu, naona njia. Nikawasha. Ikawaka, nikafurahi, halafu mbele kukaanza kupiga kelele kama mbuzi anayechinjwa vibaya, moshi wa mpira unaoungua, kisha mkanda wa injini ukakatika, maana pampu ya maji iliganda. Mtu mwenye akili angezima hapo. Mimi niliwaza magari yaliyozibwa nyuma yangu na macho ya wale watu, nikakanyaga mafuta ili angalau niitoe kichochoroni, na hapo boneti ikaanza kutoa mvuke, kikasikika kitu kimepasuka ndani, na maji ya rangi ya kutu yakaanza kuteremka kichochoroni taratibu, yakipita baina ya ndara za wageni.

Injini ikazimika. Nikaona bado kuna njia, niiachie irudi nyuma kwa mteremko mpaka uwanjani, wapate kupita. Lakini gari iliyozimika usukani wake ni mzito na breki hazishiki vizuri, ikaenda kasi kuliko nilivyotaka, gurudumu la nyuma likatumbukia kwenye falaji, ukingo ukabomoka, pikapu ikakaa upande kichochoro kizima kama kizibo. Maji ya makonde yakaanza kumwagika njiani. Wanaume ishirini na kanzu zao za chakula cha mchana wakaja kusukuma, wakasukuma mpaka wakalowa mpaka magotini, haikutikisika. Mmoja aliteleza akakaa kwenye matope, akainuka akasema si kitu, hakuna aliyecheka. Wangelicheka ingekuwa nafuu.

Mzee Saif akapiga simu Nizwa kuita gari la kubebea magari mabovu, lile tunaloita rikavari. Wakasema itachukua saa mbili na nusu mpaka tatu kupanda. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki walichonitolea, shali ya mzee Saif mabegani mwangu, natetemeka, wao wanaziba falaji kwa mawe na magunia. Saa tatu na dakika kidogo simu ikalia tena. Nilijua kabla sijaipokea.

"Kaka," Salha akasema, "mama ametangulia."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilikuwa natazama utepe mweupe kwenye boneti.

Rikavari ilifika karibu na saa sita, ikaivuta pikapu, kichochoro kikafunguka. Na hii ndiyo sehemu ambayo nilikuwa naificha kila nikisimulia. Mzee Saif alikuwa ameshawasha gari yake. Akanifungulia mlango akaniambia, "Panda, nikufikishe kwa watu wako." Gari yake nzuri, mpya, ingekuwa Ibra baada ya saa mbili na kitu. Mimi nikatazama kanzu yake yenye matope, nikatazama falaji yake iliyobomoka na wageni wake wanaosubiri chakula, nikaona haya. Nikamwambia hapana, Mungu akubariki, mmeshataabika vya kutosha, dereva wa rikavari anakwenda huko huko. Akanishikilia mara ya pili. Nikakataa mara ya pili. Akaacha, kwa heshima.

Rikavari ilishuka mlima kwa gia ndogo, kama mtu anayehesabu vidato. Dereva alikuwa Mbalushi, alinimiminia chai kutoka thamosi yake na mimi sikuweza kuinywa. Tulipovuka Izki wingu lilikuwa jeusi upande wa Sharqiyah, kwetu mashariki. Mume wa Salha, Mbarak, alinipigia kunambia wameshamuosha, wamemswalia baada ya adhuhuri, lakini wanangoja kuzika mpaka nifike, maana Bi Raya hakuzaa mtoto wa kiume, mimi ndiye wa kushuka kaburini kumpokea. Akauliza niko wapi. Nikamwambia niko karibu. Sikuwa karibu. Akapiga tena, nikamwambia hivyo hivyo.

Tulipofika Ibra alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Dereva akauliza njia ya makaburini, nikamwonyesha, na yule maskini kwa kutaka kunisaidia akaacha barabara akaingia mpaka ukutani kwa makaburi, taa yake ya manjano juu inazunguka, amesahau kuizima. Watu walikuwa wanatoka. Mji mzima ulikuwepo, wa barazani, wa kazini, walimu wangu wa skuli, wote wamesimama wanatazama rikavari inayoingia na pikapu mgongoni mwake, kioo kimepasuka, imepambwa maua ya plastiki na utepe mweupe unapepea. Nami nikateremka nimevaa kilemba cha harusi na jambia ya fedha, nanukia udi wa watu wa mlimani. Nilijaribu kuifungua jambia nisiingie nayo makaburini, vidole vimekufa ganzi, sikuweza, mtu akanifungulia akaishika.

Mbarak alikuja, mikono yake ina udongo. Hakunilaumu. Alisema kwa sauti ya chini, "Tulikungoja mpaka alasiri, Nasser. Mvua ilikuwa inakuja, hatukuweza tena." Yeye ndiye aliyeshuka kumpokea.

Nikaenda mpaka kaburini. Udongo ulikuwa umeshasawazishwa na kumwagiwa maji, hakuna hata teko moja la udongo lililobakishwa kwa ajili yangu. Nilisimama pale nikamsomea, na mvua ikaja kweli, ya manyunyu, na watu waliobaki wakaondoka mmoja mmoja. Dereva wa rikavari ndiye aliyeningoja mlangoni mpaka mwisho, mtu ambaye mpaka leo jina lake silijui.

Siku ya tatu ya tanzia mzee Saif aliteremka kutoka mlimani na ndugu zake wanne, wale wale waliolowa magoti, wakakaa na sisi, wakatupa pole. Nilimwomba radhi kwa falaji. Akasema falaji ilitengenezwa siku ile ile. Kisha akanambia, "Mimi gari ilikuwa imeshawaka."

Pikapu niliiuza kama chuma. Ninayo gari nyingine sasa, na kila ikikaribia baridi naipeleka kwa Bashir na namuachia siku anazotaka yeye, naye hajawahi kunikumbusha neno lake. Lakini gari si kitu, gari hutengenezwa. Mimi nilikuwa na nafasi ya kumpokea Bi Raya kwa mikono yangu miwili, nikaiacha ipite mbele yangu mlango ukiwa wazi, kwa kuogopa kuwa mzigo kwa mtu aliyekwisha amua kunibeba. Nimejifunga kwa Mungu kuwa mtu akinifungulia mlango napanda, hata niwe na matope mpaka kichwani, hata yeye awe nayo. Salha hunambia hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hunambia kwa upole, na mimi kila akisema hivyo hutafuta sababu ya kutoka nje, nisitazamane naye.