Glenys Anayejua pa Kuonjea Mvinyo

Glenys Trezise hakuwa na desturi ya kuwauliza abiria wake wanapenda mvinyo gani. Alimtazama mtu viatu, akamsikiliza anavyocheka, akajua ampeleke wapi. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha basi dogo la viti kumi na viwili katika bonde la Clare, kusini mwa Australia, akiwazungusha watu wa kawaida waliotoka Adelaide kupumzika: wauguzi, mafundi bomba, siku moja dada wanne waliokuja kusherehekea talaka ya mmoja wao. Ni watu ambao nyumbani hunywa mvinyo wa kwenye boksi na hawaoni haya, wala hawana sababu ya kuona haya.

Bondeni mna vyumba vya kuonjea mvinyo wa mashambani zaidi ya arobaini, na hakuna alichompeleka mtu kabla hajakiingia mwenyewe. Mtihani wake ulikuwa mmoja. Alisimama kaunta, akaomba mvinyo mwekundu, kisha akaomba barafu ya kutia ndani. Mhudumu akikunja uso kana kwamba ametukaniwa mama yake, Glenys alishukuru, akatoka, na jina la mahali hapo halikutajwa tena ndani ya basi lake. Mhudumu akileta barafu na kusema joto la leo hata yeye limemshinda, hapo pamepita. Mvinyo wenyewe aliumwaga kwenye ndoo ya waonjaji kutemea, kwa kuwa yeye ni dereva, na dereva wa bonde lile hanywi ila maji. Halafu alikwenda kukagua choo. Alisema anayetengeneza mvinyo mzuri akasahau choo amefanya nusu ya kazi.

Alipenda mahali ambapo viti havifanani na mbwa amelala mlangoni, ambapo unaonja kwa dola tano na unarudishiwa ukinunua chupa, na ambapo hakuna anayekukodolea macho ukifungua mikate uliyokuja nayo. Abiria wake walirudi mwaka hadi mwaka. Walimwamini kuliko walivyowaamini waandishi wa magazeti, na kwa kweli walikuwa na haki.

Lakini mganga hajigangi, na mumewe Murray hakuwahi kuonja hata tone katika chumba chochote kati ya hivyo.

Murray alikuwa mpogoaji wa mizabibu. Kila majira ya baridi kwa miaka thelathini na minane alipita katikati ya mistari na mkasi wake, akikata matawi makavu, mzabibu baada ya mzabibu, mvua ikimnyeshea mgongoni. Mwaka wake wa kwanza, akiwa kijana bado, alitoka shambani saa ya chakula akaingia kwa mlango wa mbele pale panapoitwa Nyumba ya Mawe, ili aonje mvinyo wa shamba alilokuwa akilipogoa. Bwana wa kaunta alimtazama matope ya viatuni akamwambia wafanyakazi hupita nyuma. Murray alimsimulia Glenys jioni ile, akaoga, akalala. Glenys hakulala. Tangu siku hiyo aliichukia Nyumba ya Mawe kwa niaba ya mumewe, na hakupeleka abiria hata mmoja huko. Kisingizio chake kilikuwa bei, dola ishirini na tano kuonja tu, na kisingizio hicho kilikuwa cha kweli vilevile.

Agosti ya mwaka wa thelathini na nane, katikati ya baridi ya huko, bega la Murray liligoma kabisa. Ijumaa aliweka mkasi chini, akasema basi. Glenys akaamua kwamba Jumatatu, siku isiyo na abiria, atampeleka kuonja. Alitaka jambo moja tu: Murray akae kama mgeni, anywe matunda ya jasho lake, na asitokee mtu wa kumdharau. Wikiendi nzima alivipitia vyumba kichwani kama mama anayemchagulia bintiye mchumba. Mwishowe akachagua kwa Dulcie.

Dulcie alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa aliyeuzia mvinyo kwenye banda la mabati, nyuma ya nyumba yake. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa, viti vilikuwa makreti, na wageni walinywea vibilauri vilivyokuwa vya jemu.

"Ndiyo kwanza unamleta!" Dulcie alipiga kelele walipoingia. "Nilidhani huyu mume wako ni hadithi tu, Glen."

"Mzee ana aibu," Glenys akasema.

"Aibu ya nini kwangu? Mimi mwenyewe leo sijachana nywele. Kaa, Murray, kaa."

Murray alikaa juu ya kreti. Alikuwa amevaa sweta yake ya sufu ya kwendea misibani na viatu alivyovipaka rangi usiku uliotangulia. Dulcie alimmiminia. Murray alikigeuzageuza kibilauri, akakirudisha mezani bila kukigusa mdomoni, akamwomba mkewe watoke nje kidogo.

Huko nje upepo ulikuwa mkali. Glenys alijua amekosea, ila hakujua wapi.

"Dulcie nampenda," Murray alianza. "Usije ukanielewa vibaya. Lakini Glen, kila siku saa ya chakula, miaka thelathini na minane, nimekaa juu ya kreti."

Glenys aliinamisha macho, yakaangukia viatu vya mumewe vilivyong'aa.

"Uliniangalia viatu, siyo?"

"Murray..."

"Uliniangalia viatu kama unavyowaangalia abiria wako. Ukasema huyu, saizi yake banda."

"Nilihofia wasije wakakufanyia tena kama yule bwana wa Nyumba ya Mawe!"

Murray alimkazia macho, kisha akaanza kucheka. "Yule? Yule alishakufa, mama. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake. Tulikuja kuwa marafiki, nikimpogolea hadi waridi za mkewe. Mimi jambo lile nililisahau kabla halijafika mwaka. Umelibeba wewe muda wote huo?"

Glenys aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Miaka yote alidhani anakilinda kidonda cha mumewe, kumbe kidonda kilikuwa chake. Na aliyemdharau Murray asubuhi ile hakuwa mhudumu wa mahali popote. Alikuwa yeye.

"Nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe. Sasa nipeleke Nyumba ya Mawe, maana sweta inaniwasha na sitaki iniwashe bure."

Walimuaga Dulcie, ambaye alichukua kibilauri cha Murray akaunywa mvinyo mwenyewe usije ukapotea bure. Dakika kumi baadaye waliegesha basi mbele ya Nyumba ya Mawe, pekee kwenye uwanja mzima. Glenys alipanda ngazi, akajifuta viatu mara mbili kana kwamba ndiye mwenye matope. Ndani moto wa kuni uliwaka, na binti mmoja aitwaye Imogen aliwakaribisha kwenye viti vyenye mito. Hakutazama viatu vya mtu.

"Mmezoea mvinyo gani?" aliuliza.

"Mimi nimezoea bia," Murray akajibu. "Wewe nipe yote, kwa zamu."

Imogen akacheka, akamimina mweupe wa kwanza. Glenys kama kawaida yake aliomba maji. Alimtazama mumewe akiinua glasi, akinusa, akivuta funda. Murray aliuzungusha mvinyo mdomoni, akainama, akautema kwenye ndoo, mstari mmoja mwembamba, hata tone halikudondoka pembeni.

Wa pili, vilevile. Wa tatu, akautema.

Glenys alivunjika moyo. Alimwinamia mumewe sikioni. "Huupendi? Tuondoke? Hulazimiki kukaa kwa ajili yangu."

"Naupenda sana."

"Mbona unatema?"

"Si ndivyo wanavyofanya wanaojua? Wikiendi nzima nimejifunza nyuma ya tangi la maji, kwa chai baridi. Siku ya kwanza nilijilowesha mpaka magotini, mbwa akanikimbia."

"Lakini nilitaka unywe, Murray. Hii ni siku yako."

"Nimeshaonja. Kuonja ni kuonja." Alifuta mdomo kwa kitambaa, akanyoosha kiganja mezani. "Nipe ufunguo wa basi."

"Wa nini?"

"Miaka kumi na tisa unaendesha watu wakinywa, wewe na chupa yako ya maji. Usiku unarudi umechoka, unakunywa chai, unalala. Na hapa kila tukipita unapunguza mwendo, sema hujioni. Nilipoweka mkasi, nawe ukataja Jumatatu, nikajiambia siku hiyo mimi ndiye dereva. Ndiyo maana kwa Dulcie sikunywa. Halafu nikaona nikinyamaza hapo kwenye kreti, siku yenyewe itaishia bandani."

Glenys alitoa ufunguo mfukoni. Machozi yalimjia, akayaacha yaje, kwani hapakuwa na abiria wa kumficha. Alimpenda mtu huyu wakati ule kuliko siku waliyofunga ndoa. Murray aliukamata ufunguo, akaisukuma ile glasi ya maji mpaka mwisho wa meza.

"Binti," alimwita Imogen, "tulikosea. Mgeni wako ni huyu mama. Mimi namsubiri tu."

Imogen alileta glasi safi, akaiweka mbele ya Glenys, akashika chupa moja kwa mkono huu na nyingine kwa mkono ule.

"Karibu sana, mama. Niambie, wewe unapenda mvinyo gani?"

Glenys alifungua kinywa kujibu. Alijua vyumba vyote vya bonde lile, bei zake, vyoo vyake, mbwa wake kwa majina. Akatafuta jibu, akatafuta tena, kisha akamgeukia mumewe akicheka na kulia kwa pamoja.

"Sijui, Murray. Hata sijui."

"Basi usiwe na haraka," Murray alisema, akauvuta mto wake akamwekea mgongoni. "Dereva hana pa kwenda."