Mabasi Mawili Hadi Wodini

Kila tunapompeleka mke wangu kliniki hospitalini, mama mkwe wangu, mgeni jijini, hukaa nyuma ya dereva wa basi, mkoba mapajani, akinong'ona kama anayehesabu mishono: duka la viatu, jengo la bluu, daraja. Kila kituo hukunja kidole kimoja. Nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, maana vibao vya mabasi hawezi kuvisoma.

Mke wangu aliposhikwa na uchungu, jirani alimkimbiza hospitali. Mimi nikiwa kazini, nilimpigia mama mkwe simu anisubiri nyumbani nimpeleke. Nilipofika, nikakuta kufuli mlangoni. Roho juu, nikakimbilia hospitali. Nikamkuta wodini, kavua viatu, kapakata mjukuu.

"Mama! Umefikaje?"

"Mabasi mawili, na sikupotea hata kidogo," akajibu, kidevu juu. "Wewe mwenye mji, ulipotelea wapi?"