Mpiga chapa na sentensi ya ugomvi

Saa mbili kasorobo asubuhi, na duka la kuchapa kazi za wanafunzi, lililo mkabala na geti la nyuma la chuo, limeshajaa. Watu sita wamebanana kwenye benchi la watu wanne. Printa inakohoa, feni inazungusha joto lile lile, na umbea wa hosteli unapita mdomo hadi mdomo bila kulipa nauli.

Mwenye duka, mama wa miaka arobaini na saba, miwani yake imefungwa kwa uzi, anapokea karatasi za binti wa mwaka wa kwanza. Hazisomi. Anazilaza kifudifudi mezani na kuziwekea kiganja juu.

"Niambie kwa pumzi moja, mwanangu. Unasema nini humu?"

"Nimeeleza kuhusu simu shuleni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo… zina faida na hasara."

Mama anageukia benchi. "Nani anabisha?"

Benchi linaendelea na umbea wake.

"Umeona? Hata mbu hajabisha. Kaa kwanza, fikiri, halafu urudi."

Ndiyo maana wanafunzi humwita Mama Kwa Hiyo. Ana miaka kumi na saba katika kazi hii, na kwa siku huchapa kurasa kama sitini. "Arobaini za kwanza ni za kodi ya chumba na umeme," anasema. "Zinazobaki ndizo zinazotupikia."

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita. Aliyoyajua kuhusu insha aliyaokota mezani, kwa wanafunzi waliorudi kuchapisha upya kazi zilizokataliwa. "Nilikuwa nasoma wino mwekundu wa walimu kama watu wanavyosoma magazeti. Nikaona anayefaulu, ukurasa wa kwanza tu unajua anagombana na nani."

Walimu huiita hoja kuu. Yeye huiita sentensi ya ugomvi. Lazima pawe na mtu mwenye akili timamu anayeweza kuipinga, lazima ibebe "kwa sababu" yake, na isizidi ukubwa wa karatasi. "Mtu ana kurasa nne, anataka amalize umaskini wa dunia nzima. Nikamwambia, baba, chukua mtaa mmoja."

Lakini asubuhi hii mwenye shida ni yeye.

Ndani ya droo yake kuna insha isiyo ya mteja. Mwaka jana alijiunga na chuo hicho hicho kusomea cheti cha ualimu wa watu wazima. Insha yake kuhusu nafasi ya mzazi katika masomo ya mtoto imerudishwa mara mbili, na mara zote mhadhiri ameandika maneno yale yale: "Unataka kusema nini hasa?" Ya tatu inatakiwa leo kabla ya saa sita. Ikikataliwa, anaondolewa kwenye kozi na nafasi anapewa mwingine.

Anayasema haya kwa kunong'ona, lakini benchi lile halijui minong'ono. Anasimama mwanafunzi mwenye ndevu wanayemwita Injinia, ambaye mwezi huu pekee karatasi zake zimelazwa kifudifudi mara tatu.

"Mganga hajigangi! Mama, zilete hapa."

Injinia anazipokea, anazilaza mezani na kuziwekea kiganja chake. "Haya. Kwa pumzi moja."

"Insha hii itajadili nafasi ya mzazi katika…"

Benchi linaangua kicheko. Mama anajiziba mdomo.

"Jamani! Hiyo sikuandika mimi, vimeandika vidole." Na kweli. Ameichapia watu "insha hii itajadili" mara nyingi mno, hata vidole humaliza kabla yeye hajaanza kufikiri.

"Basi sema bila vidole," anasema Injinia.

"Mzazi ni muhimu katika masomo ya mtoto."

"Nani anabisha?"

Saa ya ukutani inasema tatu na dakika kumi.

"Mimi nabisha." Sauti inatoka kwenye printa. Ni binti yake wa miaka ishirini, anayepakia karatasi. "Mama, wewe hukunisaidia hata hesabu moja. Na nilifaulu."

Mama anavua miwani.

"Nilikuwa sizijui," anasema polepole. "Wewe unakaa hapo sakafuni na daftari lako, mimi nachapa. Nikawa nakuuliza tu, umepataje? Mbona umetoa, hukujumlisha?"

"Nilichukia, we! Halafu naanza kukueleza, nikifika katikati naona mwenyewe nilipokosea."

Mama anachukua kalamu. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Kisha anasoma kwa sauti:

"Mzazi asiyelijua somo anaweza kumsaidia mtoto kuliko mzazi anayelijua, kwa sababu yeye hana jibu la kumpa, anabaki kuuliza, na mtoto hujifunza kwa kulazimika kueleza."

"Hapana!" Injinia anaruka. "Baba yangu fundi umeme, alinipa majibu yote, na mimi huyu hapa chuoni!"

"Uko hapa mara ya nne na insha ile ile," binti anamjibu.

Mama anacheka mpaka anashika meza. "Usiondoke, Injinia. Wewe ndiye aya yangu ya tatu, ile ya anayebisha."

Kurasa mbili za historia ya elimu zinakatwa. "Nilizipenda," anasema, "ila humu hazina kazi." Dakika kumi kabla ya saa sita anavuka barabara akiwa na ndala miguuni, wateja wakimlindia duka.

Jibu lilitoka baada ya siku tisa: alama hamsini na nane, wakati ya kufaulu ni hamsini. Chini, mhadhiri aliandika: "Sikubaliani nawe hata kidogo. Ila safari hii nimejua ni nini nisichokubaliana nacho."

Kila mteja alisomewa maneno hayo, hata aliyekuja kununua bahasha.

Mwakani akimaliza cheti, anataka kuwafundisha watu wanaoanza shule wakiwa tayari na miwani ya kusomea. Wa kwanza ameshampata, mama anayefagia korido za chuo. Somo lao linaanza Jumamosi hii.

"Sitamwanzisha na nukta na herufi kubwa," anasema Mama Kwa Hiyo. "Nimemwambia aje na jambo moja tu, ambalo akilisema mezani, mumewe ataweka kijiko chini. Mume akiendelea kula, tunatafuta lingine."