Miiba Kwenye Dirisha la Fundi

Fundi aliweza kukushonea gauni kwa kukutazama tu, lakini mmea wa dada yake ulimtoa jasho. Ulikuwa wa miiba mitupu, shina nene kama kidole gumba, na maua mekundu kileleni. Dada alipohama aliuweka dirishani kwenye chumba cha kushonea, akasema, "Mdogo wangu, nikirudi nisiukute, usinifungulie mlango."

Basi fundi akaumwagilia kila asubuhi. Jioni mama mkwe wake akapita na kopo, akaumwagilia tena, kwa huruma. Kila mmoja alidhani mwenzake amesahau. Siku fundi alipobonyeza shina, kidole kilizama kama kwenye ndizi iliyoiva mno.

"Mama, kwani nawe ulikuwa unaumwagilia?"

"Sasa mwanangu, niuache ufe kwa kiu?"

Na dada alishapiga simu: anakuja baada ya miezi mitatu.

Fundi hakukaa kulia. Akavaa subana vidole viwili, miiba isimchome, akashika mkasi, akaokoa vijiti vinne vya juu vilivyokuwa bado vigumu. Utomvu mweupe ukachuruzika, akaufuta upesi usije ukamwingia machoni. Vitatu akavipanda papo hapo, vibichi vile vile. Haraka haraka, nawe unajua. Wiki haikuisha, vyote vimeoza.

Cha nne alikuwa amekisahau mezani, chini ya mabaki ya vitambaa. Alipokiinua, pale alipokata pamekauka, pamefunga kama pindo.

"Mama!" Alipiga ukelele mpaka mama mkwe akaangusha kopo. "Kitambaa kipya si tunakiloweka, tunakianika, ndipo tunakata? Na hiki kilitaka kianikwe kwanza!"

Akakipanda kwenye mchanga wenye kokoto. Kopo akalifungia kabatini, ufunguo akautundika shingoni pamoja na futi yake ya kupimia. Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, alikwenda kuchungulia. Jani la kwanza lilipotoka, alipiga makofi. La pili, akamwacha mteja amesimama na pini begani. Na matumba mawili mekundu yalipochomoza, wiki ile ile ya kuja kwa dada, hata mama mkwe alicheza, yeye na magoti yake mabovu.

Dada aliingia, akaenda moja kwa moja dirishani. Moyo wa fundi ulidunda kama cherehani ya miguu.

"Mbona mdogo hivi?"

"Nimeupunguza, dada. Ulikuwa umezidi kiunoni."

Mama mkwe alishindwa kujizuia, akaangua kicheko, na yote yakamwagika: maji ya asubuhi, maji ya jioni, vijiti vitatu.

Dada akagusa tumba moja kwa ncha ya kidole. "Vitatu tu? Mimi niliozesha vitano ndipo nikapata ule niliokuachia."

"Na hukuniambia!"

"Ungeniheshimu tena?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama mkwe, kwa furaha, akachukua glasi ya maji ya mgeni, akanyoosha mkono dirishani.

"Mama!" wakapiga kelele wote wawili.