Waya Uliopishanishwa Mara Mbili

Katika mtaa wote wa Albert Park, Durban, hakuna aliyewadharau watu kwa bidii kama Anatole. Mafundi wa simu aliwaona si lolote si chochote, kazi yao kubandua kioo na kubandika kingine. Mchungaji alimdharau kwa kuhubiri huku akichungulia tableti. Mwenyewe alikuwa na meza nyuma ya saluni, akichomelea redio ambazo wenyewe walishazisahau, na ukimpa nafasi tu atakwambia kwamba miaka kumi na mmoja alikuwa mtu wa teleksi, mashine ya kupeleka maandishi kwa waya, kule kwao Uvira. Usipompa nafasi atakwambia vilevile.

Basi Félicité, msusi wa saluni ileile, alipomwendea na shida yake, Anatole aliona dunia imejirudi. Mume wa Félicité, Urbain, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, alifariki mwezi uliopita. Nyimbo zake alizitunga kwenye kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, aliyoachiwa na mzee mmoja wa mtaa wa Berea aliyekuwa anahama. Zote zilishachapwa karatasini kabla printa haijafa, isipokuwa mmoja, wa mwisho, uliobaki kwenye disketi. Kwaya ilitaka kuuimba Jumapili, siku ya kumaliza matanga.

Disketi za namna ile hakuna mashine ya leo inayozimeza. Ilibaki njia moja: poti ya siriali, lile tundu la nyuma. Unachomeka waya, ncha ya pili unaiingiza kwenye laptopu, mashine mbili zinakubaliana kasi, na maandishi yanapita. Sharti mdomo wa hii ukutane na sikio la ile, kwa hiyo nyaya za ndani lazima zipishane.

Waya aliununua kwa Dulla, Mtanzania muuza vifaa pale kona.

"Mzee, huu umeshapishanishwa ndani," Dulla alimwambia. "Usiongeze kitu kingine hapo katikati, ukizipishanisha mara ya pili zinarudi zilivyokuwa."

"Siriali utanifundisha wewe?" Anatole akasonya. "Uzisha chaji zako, papa."

Jumamosi mchana akaenda kwa Félicité na laptopu na kipishanishi chake cha zamani, kidude cha kupishanisha nyaya, akakichomeka katikati ya waya. Akawasha mashine. Disketi ilikuwa imeota ukungu wa unyevu wa Durban, ikakwaruza vibaya, lakini ikasomeka. Wimbo ukatokea kwenye kioo, beti nne na noti zake. Félicité akashika mdomo.

"Hii disketi haitasoma tena," Anatole akasema. "Lakini wimbo sasa uko ndani ya mashine. Tusizime tu."

Hapo alisema kweli. Kisha akaanza ufundi. Aliweka kasi ndogo, laptopu kimya. Akaweka kasi kubwa, kimya. Akabadilisha idadi ya biti, akarudisha, akabadilisha tena, huku akiilaani laptopu na waliotengeneza laptopu.

"Papa Anatole," Félicité akasema, "lakini wimbo iko inaonekana yote hapa ku écran."

"Mama, acha. Hii si mambo ya kusuka nywele."

Baada ya muda akajaribu tena. "Papa, mi naona kama tunge..."

"Nimesema nyamaza, mama! Iko kazi ya fundi hii."

Félicité akavuta kiti nyuma ya Anatole. Akachukua daftari. Anatole alimwona kwa jicho la pembeni akiandika, akadhani ni orodha ya sokoni, akamdharau kwa hilo pia.

Kufika saa kumi shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akageukia swichi ndogo za nyuma ya mashine, akazipanga upya. Swichi zile mashine huzisoma inapowashwa tu. Huko kwenye teleksi, ukishapanga unazima, unawasha. Mkono wake ukafanya ulivyozoea: ukazima.

Kioo kikawa cheusi. Anatole akawasha upesi, akaingiza disketi, ikakwaruza, ikakwaruza tena. Haikusomeka. Hakuthubutu kugeuka.

"Mama Félicité," akasema polepole, "wimbo umepotea."

"Haujapotea." Félicité alikuwa anafunga daftari. "Nilimaliza zamani. Beti zote nne, na noti."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili, papa. Ulininyamazisha mara mbili." Akajifunga kitambaa kichwani. "Kwaya inaningoja. Ukitoka, funga mlango."

Anatole akabaki peke yake na mashine mbili. Akang'oa kipishanishi, akachomeka waya wa Dulla mtupu ulivyouzwa, akarudisha mipangilio yake ya kwanza kabisa ya mchana ule, akazima, akawasha. Akaandika kwenye ile kompyuta neno alilokuwa akilituma kila asubuhi kule Uvira: JARIBIO.

Likatokea kwenye laptopu papo hapo, herufi zote saba, bila kosa hata moja. Akakaa akilitazama. Hakuwa na kingine cha kutuma.