Benchi ya Mlangoni

Jumapili iliyopita pasta wetu kijana, ambaye huja kwangu kunywa maziwa, alimwambia msichana mwenye mimba, "Dada mpendwa, wewe kaa nyuma kidogo." Hiyo sauti yake ya kupakwa mafuta mimi naijua tangu utotoni.

Pasta wa wakati ule alikuwa rafiki ya mama. Kila wiki alikuja kwetu, anakunywa mursik, maziwa yetu ya kuganda, mpaka kibuyu inalia, anapangusa mdomo: "Mama, mikono yako imebarikiwa!" Halafu babu akaoza binti yake, dada ya mama, na mama akapikia wazee pombe vile mila ilitaka. Jumapili pasta akasimama mbele ya watu, akakohoa kama ng'ombe imemeza kamba: "Huyu mama atakaa benchi ya mlangoni mpaka atubu!"

Mimi nilifurahi sana. Mbele kulinuka jasho, lakini mlangoni upepo ulileta harufu ya majani chai. Nilidhani rafiki ya pasta amepewa mahali pazuri. Nikamnong'onezea, "Mama, asante kwa kupika pombe." Akanishika mkono kwa nguvu.

Wiki hiyo hiyo pasta alirudi kunywa maziwa. Na mama akampatia! Hiyo ndiyo sijasamehe.

Kwa hivyo Jumapili hiyo iliyopita niliinuka, nikaenda kukaa na yule msichana mlangoni. Pasta akaniita vile kwetu tunaita nyanya, "Gogo, kiti yako iko huku mbele!" Nikamjibu na sauti yake mwenyewe, "Mpendwa, hapa kuko na hewa nzuri. Na usijisumbue kuja kwangu, maziwa imeisha."